Ziara ya makaburi ya vita isianzie kwenye jiwe lenye jina

Januari 2025, katika bustani ya Company's Garden mjini Cape Town, ilizinduliwa kumbukumbu ya Waafrika Kusini weusi waliokufa wakilitumikia jeshi katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Ni nguzo za mbao ya mvule zilizochongwa majina 1,772 ya watu ambao makaburi yao hayajulikani. Tangu siku hiyo mazungumzo ya historia ya vita katika Afrika Mashariki yamechukua mkondo mmoja: dosari ya miaka mia imeanza kufutwa, zamu yetu inakuja, na siku moja kila familia itakuwa na jina la kumwonyesha mtoto na kumwambia, huyu ndiye babu wa babu yako. Matumaini hayo hayana ubaya, ila hesabu yake haitimii. Wengi wa waliokufa katika vita vya 1914 hadi 1918 kati ya Mombasa na mto Ruvuma hawataandikwa popote, kwa sababu walizikwa kandokando ya njia, au hawakuzikwa kabisa, na karatasi zao zimepotea. Familia inayokwenda Taveta, Tanga au Dar es Salaam kutafuta majina itarudi na picha ya vita ambavyo havikutokea, vita vya maofisa na risasi, wakati vita vyenyewe vilikuwa vya wapagazi na kuhara. Kwa hiyo ziara ianzie mahali pasipo na jina hata moja. Mawe yaje baadaye, na yasomwe kama ushahidi wa nani alihesabiwa na nani aliachwa.

Chanzo cha gumzo lote hili ni ripoti ambayo wengi wameisikia na wachache wameisoma. Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilichapisha matokeo ya kamati iliyoiunda yenyewe. Kamati hiyo ilikadiria kwamba watu kati ya 45,000 na 54,000, hasa Wahindi, Wamisri, Wasomali na Waafrika wa Mashariki na Magharibi, walikumbukwa kwa namna isiyo sawa na wenzao, na kwamba wengine wasiopungua 116,000, pengine hata 350,000, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Waziri wa Ulinzi wa Uingereza aliomba radhi bungeni. Upana wa makadirio hayo unaeleza mengi. Anayesema "kati ya laki moja na elfu kumi na sita na laki tatu na nusu" anakiri kwamba hajui, na kwamba ukubwa wa kutojua huko ndio habari yenyewe. Kumbukumbu ya Cape Town imewezekana kwa kuwa orodha ya watu wale ilikuwapo. Kwa wapagazi wa huku majina yanaendelea kutafutwa katika nyaraka, na yanayopatikana yaandikwe bila kuchelewa. Kinachopaswa kukataliwa ni ile dhana kwamba kuandika yaliyopatikana ni kuimaliza kazi.

Ili kuelewa kwa nini karatasi zilikuwa chache, ni lazima kuelewa vita vilivyokuwa. Katika nyanda za chini kati ya pwani na maziwa, mbung'o walimaliza farasi, nyumbu na ng'ombe wa jeshi, na reli zilikuwa mbili tatu tu. Kila risasi, kila kibaba cha unga na kila blanketi kilisafiri kichwani mwa mtu. Uingereza peke yake ilichukua wapagazi wapatao milioni moja kutoka makoloni yake na maeneo iliyoyateka. Takwimu rasmi zilitaja vifo zaidi ya 95,000, na wanahistoria wengi wanaiona idadi hiyo kuwa ni sakafu. Waliuawa na kuhara damu, malaria na kichomi, na zaidi ya hayo waliuawa na chakula: unga uliopikwa haraka bila kuiva, ukaliwa na watu waliozoea ndizi au viazi, chini ya mvua, baada ya mwendo wa siku nzima. Hata kati ya askari wenyewe, ugonjwa uliua wengi kuliko adui. Upande wa Wajerumani hakuna anayeweza kutoa hesabu ya wapagazi kwa uhakika, na majeshi yote yaliponyang'anya vyakula na kuondoa wanaume mashambani, njaa ilifuata. Ugogo waliipa jina lake, Mtunya, nayo iliua raia ambao hawakuwahi kushika bunduki wala mzigo.

Baada ya vita, Tume hiyo ya Makaburi ya Vita, iliyokuwa ikijinadi kwa kanuni ya usawa, kwamba bwana na mtwana, jenerali na kuruta, wote watapata jiwe la aina moja, iliamua kwamba Afrika kanuni hiyo haitumiki. Gavana wa Gold Coast (Ghana ya leo), F. G. Guggisberg, alisema mwaka 1923 kwamba mwenyeji wa kawaida hataelewa wala kuthamini jiwe la kaburi. Afrika Mashariki ulifuatwa mwelekeo huohuo: makaburi ya Waafrika yakaachwa yarudi porini, na mahali pake zikasimamishwa sanamu tatu, Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam, mwaka 1927 na 1928. Hapo ndipo wageni wengi hukosea. Huziona sanamu zile kama heshima ya ziada juu ya mawe ya makaburi, kumbe zilikuwa badala ya mawe. Askari wa shaba anayeinama na bunduki yake katikati ya Dar es Salaam, ambaye wazee wa mjini humwita Bismini, amesimama pale kwa sababu maelfu ya watu walinyimwa mahali pao pa kulala.

Maneno yaliyo chini ya sanamu hizo yalitungwa na mwandishi Mwingereza Rudyard Kipling. Yanawataja wapagazi kuwa miguu na mikono ya jeshi, kisha yanamwahidi aliyekufa kwamba wanawe watalikumbuka jina lake. Kipling aliandika hayo akiwa na jeraha lake: mwanawe John aliuawa Loos, Ufaransa, mwaka 1915, na mzee huyo alikufa bila maiti kutambuliwa. Jina la John, hata hivyo, lilichongwa ukutani. Kwa wapagazi ahadi ya jina iliandikwa juu ya kitu ambacho hakina jina hata moja. Mtoto wa miaka kumi akisomewa maneno hayo kwa Kiswahili, kisha akaambiwa azunguke sanamu atafute majina, ataielewa siasa nzima ya jambo hili kwa dakika tano. Haihitaji kufafanuliwa zaidi ya hapo, na mzazi mwenye busara atanyamaza.

Utetezi unaorudiwa sana ni kwamba majina hayakuwepo. Kwamba katika vurugu za vita hakuna aliyeweza kuandika watu milioni moja. Una ukweli kidogo. Wakati wa kamatakamata ya mwaka 1917, ofisa wa kikoloni John Ainsworth alipopewa kazi ya kukusanya wanaume wa Kenya, watu walichukuliwa kwa makundi, wakatoroka, wakabadili majina, wakafa kabla ya kufika kambini. Lakini mpagazi aliandikishwa, alipewa namba, na alistahili mshahara, na mshahara hauendi bila orodha. Fedha za maelfu waliokufa hazikuzifikia familia zao, na ili serikali ijue kwamba fedha fulani haijachukuliwa ilibidi ijue ni ya nani. Zaidi ya hapo, sheria ya kipande ilipitishwa Kenya mwaka 1915 na ikaanza kutumika mara baada ya vita: kila mwanamume Mwafrika akaandikwa jina, wilaya, kabila na alama za vidole, akatakiwa kutembea na karatasi hiyo ndani ya kibweta shingoni. Serikali iliyoweza kumfanyia hivyo kila kibarua aliye hai haiwezi kusema ilishindwa na kalamu alipokuwa amekufa. Na Vita vya Pili vinamaliza ubishi. Katika makaburi ya vita ya Nairobi, kando ya barabara ya Ngong, askari Waafrika wana mawe yao, na kwenye ukuta wa kumbukumbu wa Afrika Mashariki uliopo hapohapo kuna majina ya waliokufa bila kaburi, wakiwemo wale wa mizinga waliozama na meli ya Khedive Ismail katika Bahari ya Hindi tarehe 12 Februari 1944. Miaka ishirini na kitu baadaye, watawala walewale waliweza.

Hoja ya upande wa pili ina uzito zaidi, nayo hutolewa na Waafrika wenyewe: hivi vilikuwa vita vya wazungu, kwa nini mtu atumie likizo na fedha kwenda kuangalia walipouana? Anayesema hivyo anakataa, kwa haki, kufundishwa kumshangilia kamanda wa Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, kama gwiji aliyewazungusha Waingereza miaka minne, au kulia na makoplo wa Lancashire huku mababu zake hawatajwi. Ila hoja inajikata yenyewe mwishoni. Vita vilikuwa vya wazungu kwa sababu na kwa faida. Kwa miili vilikuwa vya Waafrika. Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi ni matamshi yetu ya Carrier Corps, jina la kikosi cha wapagazi kilichopiga kambi hapo. Anayenunua nyanya Kariakoo tayari yumo ndani ya eneo la vita, apende asipende. Kutokwenda kunamwachia mwingine kazi ya kusimulia, na wanaosimulia sasa, kwa sehemu kubwa, ni waongoza watalii wanaowahudumia wajukuu wa maofisa. Hakuna ubaya kwa wajukuu hao. Wanaenda wakiwa na jina la kikosi, tarehe, na namba ya kaburi. Masimulizi hufuata mteja.

Kuhusu watoto, wapo wanaosema makaburi si mahali pa kuwapeleka, na wapo wanaosema mtoto aone kila kitu. Wote wanazungumza kana kwamba watoto ni umri mmoja. Aliye chini ya miaka minane anaweza kukaa makaburini dakika arobaini bila kuchoka ikiwa ana kazi ya kufanya: kuhesabu mistari, kutafuta alama za dini tofauti, kuona mawe mangapi yana umri ulioandikwa. Hahitaji kusimuliwa matumbo yaliyopasuka. Wa miaka tisa hadi kumi na mbili anapenda ramani na hesabu. Kijana wa sekondari atauliza swali gumu, kwa nini babu hakukataa, na anastahili jibu la kweli: waliokataa walichapwa, wengine walikimbia, wengine walikwenda kwa mshahara, na machifu walipewa idadi ya kutimiza. Kinachomwumiza mtoto mara nyingi ni kutembezwa saa tano juani akiambiwa asiguse kitu.

Njia bora ya kuianza safari Kenya ni ile ya Voi hadi Taveta, kilomita zipatazo 110 za lami, kwa kuwa ndiyo njia ambayo jeshi la Uingereza lilijenga reli yake mwaka 1915 na ambayo maelfu ya wapagazi waliikanyaga. Isichukuliwe kwa siku moja pamoja na safari ya kutoka Mombasa au Nairobi. Watoto watafika wamelala. Lala Voi, ondoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na kabla ya kituo chochote simama mahali salama kandoni mwa barabara baada ya Bura, ambapo hakuna mnara wala kibao, ila nyika, miiba na joto linaloanza kupanda. Hapo ndipo ziara ianze. Mzigo wa mpagazi ulikuwa ratili 50 hadi 60, yaani kama kilo 25, ukiacha sufuria na blanketi lake. Tuseme alikula kilo moja kwa siku, kwa kipimo cha ukarimu. Waambie watoto wapige hesabu: mpagazi aliyebeba chakula akaenda siku kumi na kurudi siku kumi amekula kilo 20 za mzigo wake, amefikisha tano. Akienda siku kumi na mbili na nusu, hafikishi kitu. Ndiyo maana jeshi lilipopita Rufiji mwaka 1917, mvua zikafuta njia na mito ikafurika, chakula kilikoma na watu wakafa kwa mamia bila risasi kulia. Kijana mwenye nguvu anaweza kubeba kilo kumi kwa kilomita moja, asubuhi, na maji yake mkononi, halafu autue. Wengine wataona jambo hilo ni kuigiza mateso ya watu. Hofu hiyo ni halali pale linapofanywa kwa kicheko na picha. Likifanywa kimya na kwa muda mfupi, linafundisha kitu ambacho maandishi ya jumba la makumbusho hayawezi.

Baada ya hapo ndipo pa kusimama Maktau, ambako kuna makaburi ya jeshi la India, kisha Mbuyuni, kisha Salaita. Salaita ni kilima kidogo, na wageni hukosea palepale ambapo jeshi lilikosea: wanapanda kileleni. Tarehe 12 Februari 1916 brigedi ya Waafrika Kusini, wazungu wageni kabisa wa nyika hii, ilikishambulia ikiwa na imani kwamba adui yuko juu. Mizinga ikapiga kilele. Mahandaki ya Wajerumani yalikuwa chini, kwenye kitako cha kilima, ndani ya vichaka, na bombom zikawakata waliokuja. Waliorudi nyuma walikingwa na kikosi cha Kihindi cha Baluchi, askari ambao siku chache kabla walikuwa wakidharauliwa na haohao waliookolewa. Kwa hiyo zungukeni kitako kwanza, polepole, mkitafuta mistari ya mawe na mifereji iliyojaa mchanga, mkiwa na mwenyeji anayejua mahali na aliyeomba ruhusa kwa wanaochunga au kulima hapo. Kupanda kileleni kuje mwisho, kwa ajili ya kuona tambarare na kuelewa kwa nini aliyekaa hapo aliona vumbi la adui mapema. Viatu viwe vya kufunika mguu. Maji, lita tatu kwa mtu mzima, yasiwe ya kukadiria. Baada ya saa nne asubuhi hakuna atakayesikiliza, na tembo hupita eneo hilo. Mwenyeji akisema turudi kwenye gari, mnarudi.

Chuma chochote kinachochomoza ardhini kisiguswe wala kupigwa teke. Risasi na mabomu ya miaka mia huharibika kwa nje huku baruti ya ndani ikiwa haitabiriki, na mtoto akiona mzazi anaokota ganda la risasi ataokota kubwa zaidi. Kuna na sababu nyingine: kitu kilichopo mahali pake kinaonyesha nani alisimama wapi, kikishaingia mfukoni hakisemi chochote, na sheria za mambo ya kale za Kenya na Tanzania hazikichukulii kama zawadi ya safari. Kuhusu mbuyu wenye alama za risasi ambao wageni huonyeshwa, pamoja na hadithi ya mwanamke wa Kijerumani aliyejificha ndani yake akiwalenga Waingereza kulipiza kisasi cha mumewe, isikilizwe kama hadithi. Ni nzuri, watoto wataipenda. Waulizeni tu kwa nini mdunguaji mmoja wa kubuni ana hadithi na watu elfu arobaini na zaidi wa Kenya waliokufa chini ya mizigo hawana.

Makaburi ya Taveta na Voi yafuate sasa, macho yakiwa yamezoea. Voi amezikwa Luteni Wilbur Dartnell, aliyepewa nishani ya Victoria Cross kwa kubaki na majeruhi karibu na Maktau tarehe 3 Septemba 1915, akauawa. Ujasiri wake haupungui kwa kuulizwa walikuwa wapi waliobeba machela. Someni jiwe kwa utaratibu: namba ya utumishi, cheo, jina, kikosi, tarehe, umri, alama ya dini, na pengine mstari chini kabisa ulioletwa na familia. Mstari huo ndio wenye kubeba sauti ya mama au mke, na kutokuwepo kwake pia kuna maana: familia haikupatikana, haikuulizwa, au haikujua kusoma barua iliyoletwa. Palipo na makaburi makubwa, kisanduku cha chuma karibu na lango huwa na rejista na kitabu cha wageni. Kikiwa tupu, si ajabu, hivyo orodha ya makaburi itafutwe kwenye tovuti ya Tume kabla ya safari, pamoja na namba ya safu.

Dar es Salaam inahitaji maelezo yake, kwani makaburi ya vita yaliyo kando ya barabara ya zamani ya Bagamoyo yanadanganya macho zaidi kuliko yote. Hakuna vita vilivyopiganwa hapo. Yalianzishwa mwaka 1968, makaburi 660 ya Ocean Road yalipohamishwa kupisha barabara, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 yakaongezwa mengine yapatayo 1,000 kutoka sehemu mbalimbali za Tanzania ambako utunzaji haukuwa wa uhakika. Kwa hiyo aliyelala pale aliweza kufa mbali sana na Dar es Salaam, na mzazi anayemwambia mtoto "walipigana hapa" anaanza na uongo. Tazameni pia kuta za pamoja. Waliohamishwa kutoka viwanja vya Waafrika Wakristo, wasio Wakristo na Wahindi hawakuwa na alama ya kaburi mojamoja, kwa hiyo walizikwa upya kwa makundi na kila kundi likawekewa ukuta. Wazungu walihamishwa mmoja mmoja. Mpangilio wa mwaka 1968 ulirithi uamuzi wa miaka ya 1920 kwa sababu tu hapakuwa na namna nyingine: mfupa usio na alama hauwezi kurudishiwa jina kwa nia njema. Linganisheni na kaburi la Frederick Selous, mwindaji aliyeuawa Beho Beho Januari 1917. Liko katikati ya pori, ndani ya eneo ambalo leo ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, na bado linajulikana na kutembelewa. Wapagazi waliokufa katika bonde hilohilo, msimu huohuo, hawana hata kibao.

Majumba ya makumbusho yana mtego wao, nao ni chuma. Ngome ya Yesu, Mombasa, kuna mzinga wa meli ya Kijerumani Königsberg, iliyoangamizwa katika delta ya Rufiji Julai 1915, ukiwa karibu na mzinga wa Pegasus, meli ya Kiingereza ambayo Königsberg hiyohiyo iliizamisha Zanzibar Septemba 1914. Wajerumani waliitoa mizinga yote kumi ya meli yao majini, wakaitengenezea magurudumu na kuisambaza nchi nzima. Mtoto atataka kuupanda. Kabla hajasogea, aulizwe: bila lori na bila ng'ombe, ulifikaje bara? Jibu ni mamia ya watu na kamba. Kumbukumbu za vita zinahifadhi jina la meli, la nahodha wake na kipenyo cha mtutu. Mwongozaji anayeweza kuanzia kwenye kamba badala ya mtutu amebadilisha ziara nzima bila kuongeza shilingi kwenye bajeti ya jumba.

Hapo ndipo athari ya hoja hii inapogusa fedha na sera. Kaunti na wilaya zinazotaka utalii wa vita huanza na mnara, kisha kibao, kisha lango la kulipia. Mnara wenye majina mia tatu yaliyopatikana, ukisimama peke yake, utafanya kosa la mawe ya zamani kwa nia safi: utawafanya mia tatu wawe vita, na waliobaki wawe mandhari. Cape Town yenyewe ina majina 1,772 kwa sababu inazungumzia kundi linalojulikana. Ikinakiliwa Kenya au Tanzania bila kusema ni wangapi hawamo, itapotosha. Ni nafuu kuwa na kilomita mbili za njia ya wapagazi iliyosafishwa, yenye vibao vya kueleza mzigo, chakula na ugonjwa, na mwenyeji aliyefunzwa, kuliko ukuta wa marumaru. Wapo watakaosema watalii wa nje hawatalipia njia tupu. Labda. Lakini shule zitakwenda, na shule ndizo zinazojaza mabasi.

Kwa familia inayoamini ina mtu wake, kazi ianze nyumbani miezi kadhaa kabla, kwa wazee. Usiulize "babu alipigana vita gani"; wengi hawakupigana. Uliza nani alikwenda Kariako asirudi, nani alichukuliwa na Keya (kikosi cha King's African Rifles, K.A.R.), nani katika ukoo aliitwa jina la mtu aliyepotea. Askari wa Keya, hasa wa Vita vya Pili, ana nafasi nzuri ya kupatikana kwa namba yake ya utumishi kama barua, nishani au cheti cha kuachishwa kimehifadhiwa. Kwa mpagazi, andika jina lake la utotoni na la kubatizwa, jina la baba, kijiji, kabila, wilaya ya wakati ule na chifu aliyetawala, pamoja na msimu au njaa iliyokuwapo alipoondoka. Karani wa kikoloni alimpanga mtu kwa wilaya, chifu na kabila, akaandika jina alivyolisikia: Mwangi akawa Muangi, Juma wa Hamisi akawa Juma Khamis au Hamisi peke yake. Anayetafuta tahajia ya leo pekee atampita mtu wake orodhani. Maelezo hayo yapelekwe kwa Tume na kwenye hifadhi ya nyaraka ya taifa hata kama hayana jibu sasa, na nakala ibaki na familia, na jina la yule mzee aliyesimulia liandikwe juu yake pamoja na tarehe.